Rupia ya Mjerumani, reale ya 1780 na bei ya kweli ya sarafu ya zamani

Picha huja kwa WhatsApp, mara nyingi usiku: sarafu ya shaba juu ya kitambaa cha meza, tai upande mmoja, maandishi ya Kiarabu upande wa pili, mwaka 1891. Chini yake maneno matatu tu: "Hii ni ngapi?" Anayeuliza ameikuta kwenye kasha la bibi yake au ameilima shambani, na tayari kuna mtu amemnong'oneza kwamba itamnunulia kiwanja. Hiyo ni "pesa", sarafu ndogo ya kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Ikiwa imechakaa kama nyingi zilivyochakaa, inamnunulia chakula cha mchana, na pengine soda.

Anayejibiwa hivyo huhisi ameibiwa. Kosa si lake peke yake, maana ndani ya kipande kimoja cha madini zimekaa thamani kadhaa, na tunaziita zote kwa jina moja. Kuna thamani iliyoandikwa juu yake, ambayo serikali ndiyo iliyoitamka. Kuna ya madini, ambayo sonara ataipima. Kuna ile ambayo mkusanyaji yuko tayari kuilipa. Na kuna ile ya mwanahistoria, ambayo mara nyingi haiuziki kabisa. Nne hizi hazipandi wala hazishuki pamoja, na sarafu za pwani yetu na bara lake zinalionyesha jambo hilo vizuri kuliko nyingi ninazozijua.

Uzee hauna bei yake

Tuanze na reale ya Maria Theresa, ile fedha nene yenye mama mnene aliyejitanda ushungi, na tai mwenye vichwa viwili upande wa pili. Mtawala huyo wa Austria alifariki mwaka 1780, na sarafu imeandikwa 1780. Ukiishika unadhani umeshika kitu cha karne ya 18. Huenda ni kweli, lakini huenda pia imefuliwa baba yako akiwa darasa la tano.

Sababu ni wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uhabeshi, Omani na Unguja. Walizoea sura ile, uzito ule na mwaka ule. Sarafu yenye mwaka mwingine waliitilia shaka. Viwanda vya Ulaya vikaona heri kuwapa wateja wanachokitaka: vikaendelea kuifua kwa mwaka ule ule wa 1780, kwanza Vienna, Milan, Venice na Prague, kisha katika karne ya 20 Roma, London, Paris, Brussels, Birmingham hata Bombay. Vienna inaifua mpaka leo. Unguja, enzi za biashara ya pembe na karafuu, wazee waliiita fedha ya Shamu, wakaitenganisha na reale ya mzinga, ile ya Kihispania ambayo nguzo zake mbili ziliwaonekania kuwa mizinga.

Kwa hiyo mwaka ulioandikwa haukusaidii hapa. Anayejua hutazama vitu vidogo: namna herufi S.F. zilivyokaa chini ya kifua cha malkia, lulu za kibanio cha ushungi, manyoya ya mkia wa tai, na maneno ya Kilatini yaliyochongwa kwenye ukingo. Hizo ndizo zinazosema ni kazi ya kiwanda gani na ya wakati gani. Tofauti ya bei kati ya ile ya kwanza kabisa na ile ya juzi ni kubwa. Lakini hata ile ya juzi ina sakafu yake: uzito wake ni gramu 28.07, na madini ya fedha ndani yake ni sehemu 833 kwa 1,000, yaani gramu 23.4 za fedha safi. Haiwezi kushuka chini ya hapo, kwa sababu sonara yupo.

Linganisha na shilingi ya Afrika Mashariki, ile ya simba amesimama mbele ya milima, iliyoanza 1921. Watu wengi huambiwa "ile ya Mwingereza ni fedha tupu". Si tupu. Hadi 1946 ilikuwa na robo tu ya fedha katika gramu 7.78, yaani chini ya gramu 2 za fedha safi kwa kila shilingi. Utahitaji shilingi 12 za simba kufikia reale moja. Na kuanzia 1948 fedha ikaondolewa kabisa, ikabaki mchanganyiko wa shaba na nikeli. Simba ni yule yule, milima ni ile ile. Ndani hamna kitu cha kuyeyusha.

Upande wa pili wa hoja hii uko Kilwa. Sarafu za masultani wa Kilwa ni miongoni mwa za kale kabisa zilizofuliwa kwenye pwani hii, baadhi zina karibu miaka 1,000. Ni vipande vidogo vya shaba, havina mwaka, havina jina la mji. Upande mmoja pana jina la sultani, upande wa pili pana maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili zina vina. Ndiyo, sarafu zenye vina: unageuza kipande na ubeti unakamilika. Sijui mahali pengine pa dunia ambapo ningetarajia jambo hilo zaidi ya pwani ya Waswahili. Lakini zimefukuliwa kwa maelfu, Kilwa Kisiwani, Mafia na kwingineko, na nyingi zimelika na chumvi hata maandishi hayasomeki. Uzee wake ni mkubwa mno kuliko wa pesa ya 1891, ila kwenye soko la wakusanyaji uzee huo peke yake haukulipi chochote.

Kilichobaki, na nani anakitaka

Kinachopandisha bei ni uwiano wa vitu viwili: ni vipande vingapi vimebaki katika hali nzuri, na ni watu wangapi wanavitafuta. Angalia neno "vimebaki". Idadi iliyofuliwa ni mwanzo tu wa hesabu. Baada ya hapo huja moto, kutu, vita, na serikali zinazokusanya fedha ya zamani ili kuiyeyusha na kufulia mpya.

Sultani Barghash wa Zanzibar alitoa sarafu zake mwaka 1299 wa Hijria, sawa na 1882. Pesa ya shaba yenye picha ya mizani iko kila mahali. Ukipita maduka ya vitu vya kale ya Mji Mkongwe utaikuta kwenye bakuli, unachagua. Reale ya fedha ya mwaka ule ule na sultani yule yule ni kitu kingine, na zile za dhahabu wakusanyaji wengi huzijua kwa picha tu.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa mfalme aliyekimbia kiti. Edward VIII wa Uingereza alitawala kuanzia Januari hadi Desemba 1936, akaacha ufalme ili amuoe Wallis Simpson kabla hata hajavishwa taji. Nyumbani kwake sarafu zenye kichwa chake hazikuwahi kutolewa kwa matumizi. Vilibaki vipande vya majaribio tu, na mwaka 2020 pauni moja ya dhahabu ya aina hiyo iliuzwa pauni milioni 1. Sasa njoo huku kwetu. Senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki zilikuwa na tundu katikati, kwa hiyo hazikuwa na nafasi ya kichwa cha mfalme; ziliandikwa jina lake tu kuzunguka tundu. Hazikuhitaji kusubiri mchongaji amalize picha. Zikafuliwa kwa mamilioni, zikaandikwa EDVARDVS VIII na 1936, zikasambaa Mombasa, Kampala na Dar es Salaam, zikanunua chumvi na viberiti. Leo unaweza kumiliki sarafu halisi ya mfalme huyo kwa bei ya kikombe cha kahawa ya mtaani na kashata zake. Mfalme ni mmoja, na kati ya bei hizo mbili kuna karibu pauni milioni 1.

Hali ya sarafu nayo ina mchezo wake. Mwaka 1907 Waingereza walituletea senti 1 ya alumini yenye tundu, miongoni mwa sarafu za kwanza za alumini duniani. Joto, jasho na hewa ya bahari vikaishambulia, na kufikia 1909 ilibidi waigeuze iwe ya shaba na nikeli. Senti ya alumini iliyotafunwa na kutu si shida kuipata. Isiyo na doa ni shida sana, na mtu atailipia mara nyingi zaidi ya ile mbovu, ingawa zote mbili zilitoka kwenye mashine moja.

Kwa sababu hiyo wakusanyaji wa kimataifa wana kipimo cha hali kinachoanzia 1 hadi 70, kilichobuniwa na Mmarekani William Sheldon mwaka 1949. Moja ni kipande ambacho kinatambulika kwa taabu. Sabini ni kile ambacho hata kwa kioo cha kukuzia hakina kasoro. Zipo kampuni Marekani zinazopima, kutoa namba na kufunga sarafu ndani ya kisanduku cha plastiki kigumu. Kwa sarafu ya bei kubwa ina maana kuzilipa. Kwa pesa ya mizani ya Barghash, gharama ya kisanduku itazidi sarafu yenyewe mara kadhaa.

Na hapa niseme wazi: usisugue. Majivu, ndimu, dawa ya meno, dawa ya kung'arishia vyombo, vyote viache jikoni. Ule utandu wa kahawia au kijivu juu ya shaba na fedha umejijenga kwa miaka, na ndio unaomwambia mnunuzi kwamba uso wa sarafu haujaguswa. Ukiung'oa unabaki na kitu kinachometameta chenye mikwaruzo midogo, na bei imeshuka hapo hapo, mbele ya macho yako, wala hairudi. Yenye udongo unaweza kuiloweka kwenye maji safi yasiyo na chumvi na kuuacha udongo ujiachie wenyewe. Zaidi ya hapo ni kuharibu.

Tabora, 1916

Kama kuna sarafu moja ya ukanda huu inayostahili sifa zake zote, ni dhahabu ya Tabora.

Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza, manowari za Kiingereza zilifunga bahari. Koloni la Ujerumani lilizoea kuletewa sarafu kutoka Berlin na Hamburg: rupia za fedha zenye kichwa cha Kaiser Wilhelm II, na heller za shaba, ambazo tangu 1904 zilikwenda 100 kwa rupia moja badala ya pesa 64 za awali. Meli zikakoma. Askari na wapagazi walipaswa kulipwa, chakula kilipaswa kununuliwa vijijini. Serikali ikachapa noti za dharura papo hapo, lakini watu wa bara walikuwa na akili zao: karatasi ya serikali inayokimbia vita ni karatasi tu. Walitaka kitu kinacholia kikidondoka.

Ndipo karakana ya reli huko Tabora ikageuzwa kiwanda cha sarafu. Shaba na shaba nyeupe zikaokotwa popote zilipopatikana, pamoja na maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa, zikafuliwa sarafu za heller 5 na heller 20 zenye herufi T, yaani Tabora. Ukizitazama kwa karibu unaiona haraka ile: kingo hazijakaa sawa, nyingine mhuri umepiga pembeni, uso una vipele. Kwa heller 20 kuna aina kadhaa zinazotofautishwa na ukubwa wa taji na namna ncha za herufi L zilivyopinda, na wapo watu wazima Ujerumani wanaobishana kwa saa nzima juu ya ncha hizo. Zilifuliwa nyingi. Zile za shaba nyeupe bado ni rahisi kuzipata, kwa hiyo mtu akikuambia yake ni ya mamilioni kwa sababu ina T na 1916, mpe pole.

Dhahabu ni habari nyingine. Ilitoka mgodi wa Sekenke, Iramba. Mihuri yake ilichongwa na mfua dhahabu kutoka Ceylon, nchi ambayo leo tunaiita Sri Lanka. Upande mmoja pana tai wa Kaiser. Upande wa pili pana tembo anapiga mlio, mkonga juu, mlima nyuma yake. Thamani iliyoandikwa ni rupia 15. Zilitoka 16,198 tu, na hata hizo zina aina mbili: chini ya tai kuna nakshi iliyojikunja, na kuna zile ambazo mwisho wake wa kulia unaishia chini ya herufi T ya neno OSTAFRIKA, na zile unaoishia chini ya A.

Fanya nami hesabu kidogo, maana inafichua jambo. Kisheria rupia 15 zilikuwa sawa na mark 20 za Ujerumani. Sarafu ya mark 20 ya Berlin ilikuwa na gramu 7.17 za dhahabu safi. Ya Tabora ina uzito wote wa gramu 7.17, lakini dhahabu ndani yake ni robo tatu tu, yaani gramu 5.38. Aliyelipwa sarafu ile alipewa robo pungufu ya ahadi. Thamani ya madini ilikuwa chini ya ile iliyoandikwa tangu siku ya kwanza. Leo mambo yamepinduka: ile iliyoandikwa haina maana tena, ya madini ni kubwa, na ya mkusanyaji iko juu yake mbali, kwa sababu ya tembo, uchache na hadithi. Septemba 1916 majeshi ya Kibelgiji yaliyotoka Kongo yakaingia Tabora, na kiwanda kikawa historia.

Bei hiyo ndiyo inayowalisha wafua bandia. Tembo wa bandia ni wengi. Nenda kwa sonara mwenye mizani nzuri: ikipungua au ikizidi gramu 7.17 kwa kiasi cha kuonekana, shaka. Angalia ukingo kwa kioo, kama kuna mstari wa kuunganishia au vijitundu vya hewa, hiyo imemiminwa kwenye kalibu wala haikufuliwa. Sumaku nayo haikosei kwa jambo moja: dhahabu, fedha na shaba havivutwi. Rupia ya "fedha" inayorukia sumaku ni chuma kilichopakwa.

Sumaku hailindi dhidi ya maneno, hata hivyo. Simulizi za mali zilizofukiwa na Wajerumani zina miaka zaidi ya 100 Tanzania bara, na zimezaa madalali wanaosema rupia fulani ina nguvu, au ina madini ya siri ndani, na kwamba kuna mzungu anayeisubiri Dar es Salaam kwa mabilioni. Kwanza lakini utoe ada ya kipimo. Rupia ya Mjerumani ni gramu 11.66 za mchanganyiko wa fedha na shaba, kipimo kile kile cha rupia ya India, na hakuna kingine humo ndani. Anayenunua sarafu kweli hukulipa yeye, hakudai ada.

Sarafu za ukumbusho

Sarafu ya ukumbusho hutolewa kuadhimisha tukio au mtu: uhuru, mkutano, ziara, miaka kadhaa ya benki kuu. Hapa ndipo wanunuzi wapya huumia zaidi, kwa sababu neno "ukumbusho" linasikika kama "adimu".

Zipo za namna mbili. Za kwanza zinaingia mtaani na kufanya kazi kama nyingine. Tanzania ilitoa shilingi 5 ya pembe kumi mwaka 1971 kwa miaka 10 ya Uhuru. Kenya ilitoa shilingi 40 mwaka 2003 kwa miaka 40 ya uhuru, ikiwa na sura ya Mwai Kibaki. Uganda ilitoa shilingi 1,000 mwaka 2012 kwa miaka 50 ya uhuru. Hizi ni nzuri kukusanya, ni rahisi, zina historia ya kweli ndani yake kwa kuwa watu walizitumia. Nani hakuwahi kupewa chenji ya shilingi 40 akajiuliza kwa nini si 50?

Za pili hazikukusudiwa kununua kitu. Zinafuliwa kwa madini ya thamani, kwa mihuri iliyong'arishwa, zinafungwa kwenye kisanduku chenye kitambaa na cheti, na zinauzwa moja kwa moja kwa mkusanyaji kwa bei iliyo juu ya madini yake. Mwaka 1966 Kenya ilitoa dhahabu za shilingi 100, 250 na 500 kwa kutimiza miaka 75 kwa Mzee Jomo Kenyatta. Uganda ilifanya hivyo 1969 Papa Paulo VI alipozuru Kampala. Mwaka 1974 Tanzania iliingia katika mradi wa kimataifa wa sarafu za uhifadhi wa wanyama: twiga kwenye shilingi 25 na faru mweusi kwenye shilingi 50, zote za fedha, na duma kwenye shilingi 1,500 ya dhahabu. Hizo za miaka ya mwanzo zina heshima yake, kwa kuwa tukio na nchi vinahusiana.

Baadaye biashara ikalegea. Nchi hukodisha jina lake kwa kampuni ya ng'ambo, kampuni inafua inachotaka, wala sarafu yenyewe haifiki nchini. Tembo wa fedha wa Somalia anafahamika Ulaya nzima na anafuliwa Bavaria, Ujerumani. Mogadishu hajawahi kununua hata mkate. Si utapeli, ni fedha halisi na kazi nzuri ya mikono. Ila unayenunua ujue unanunua madini yenye picha.

Na kuna fumbo moja ambalo muuzaji hatakueleza. Sarafu iliyotengenezwa ili itunzwe hutunzwa. Miaka 50 baadaye zote bado zipo, kwenye visanduku vyake, zinang'aa, na wenyewe wanazeeka na kuanza kuziuza kwa pamoja. Zilizopanda bei ni zile ambazo hakuna aliyefikiria kuziweka. Wakati Kenya ilipoanza kutoa sarafu mpya za wanyama Desemba 2018, kwa kuwa Katiba ya 2010 inakataza sura ya mtu kwenye fedha, watu wengi waliweka makopo ya sarafu za Moi na Kenyatta wakisubiri utajiri. Watasubiri sana. Ziko kwa mamilioni, na kila mwenye kopo anafikiria hivyo hivyo.

Inayotoka ardhini

Kuna thamani ya mwisho, na hii haihesabiwi kwa shilingi. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, lilipatikana lundo la sarafu zaidi ya 2,000, nyingi vipande vidogo vya fedha vyenye majina ya watawala wa hapa hapa pwani, pamoja na dinari chache za dhahabu kutoka ng'ambo. Dinari zina mwaka. Za kwetu hazina. Lakini kwa kuwa zilikuwa pamoja, wataalamu waliweza kumweka Ali bin al-Hasan, sultani ambaye tarehe zake zilikuwa zikibishaniwa, katika karne ya 11. Mtu angeziokota na kuziuza mojamoja Forodhani, elimu hiyo ingepotea, hata kama kila sarafu ingebaki nzima.

Kinyume chake kilitokea Australia. Mwaka 1944 askari mmoja aliyelinda kituo cha rada kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa nchi hiyo, aliokota sarafu tisa mchangani. Nne zilikuwa za Kiholanzi, tano zilikuwa za Kilwa. Alizihifadhi, zikaja kutambuliwa miaka mingi baadaye. Zilifikaje huko, kwa chombo cha nani, lini? Hakuna aliyechora zilivyolala, kama zilikuwa pamoja au mbalimbali, kwa kina gani. Vitabu na safari za utafiti zimefuata, na swali liko pale pale. Sarafu moja ya Kilwa ya al-Hasan bin Sulaiman, sultani aliyempokea msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, ilipatikana kwenye magofu ya Great Zimbabwe, na hiyo moja tu, kwa kuwa mahali pake panajulikana, inasema mengi juu ya njia ya dhahabu kuliko zile tano.

Sheria nayo imeliona hilo. Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863. Kilwa yote imo. Pesa ya 1891 na dhahabu ya Tabora hazimo katika kundi hilo. Kenya, sheria ya makumbusho na urithi ya 2006 inaweka mpaka wake kabla ya 1895, kwa hiyo hata pesa ya Mombasa ya 1888, ile ya kampuni ya Kiingereza yenye mizani, iko upande wa vitu vya kale. Ukilima ukakuta chungu cha sarafu, acha jembe, piga picha zikiwa mahali pake, na uite watu wa makumbusho au mambo ya kale. Kusafirisha vitu hivyo nje bila kibali ni kosa, hata kama mnunuzi anasema ana mtu wa uwanja wa ndege.

Kama unataka kuanza

Usianze na dhahabu. Mimi ningeanza na senti zenye tundu za Afrika Mashariki. Zinatoka 1907 hadi miaka ya 1960, zinapita wafalme wanne na malkia mmoja, pamoja na yule aliyekimbia, na karibu zote zinanunulika kwa fedha ya mfukoni. Tafuta 1936 isiyo na herufi, kisha yenye H, kisha yenye KN. Herufi hizo ni alama za viwanda. Ongeza seti ya kwanza ya Tanzania ya 1966: samaki kwenye senti 5, mbuni kwenye 20, sungura kwenye 50, na mkono wenye mwenge kwenye shilingi. Wazee wengi bado wanazo kwenye makopo ya kahawa, na watakupa bure ukikaa kuwasikiliza.

Bei usiiangalie kwenye tangazo la muuzaji, maana huyo anaweza kuandika milioni 10 na hakuna wa kumzuia. Tafuta matokeo ya minada iliyokwisha, ambako mtu alitoa fedha kweli. Shika sarafu kwa ukingo. Usiziweke kwenye mifuko laini ya plastiki inayonuka. Ile hutoa majimaji ya kijani yanayokula shaba. Bahasha ndogo za karatasi zinatosha, moja kwa kila sarafu, na juu yake uandike uliipata kwa nani, wapi na lini. Ukikaa pwani, tupia ndani ya boksi vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na uvibadilishe kila masika yakiisha.